Kanda ya Saba

Nyumbani kwa Bi Kheiria, Mawaleh, Maskati, kulikuwa na jambo moja ambalo mgeni hakuruhusiwa kulitaja, nalo halikuwa siasa wala mirathi. Lilikuwa ni nani aliyechukua ubingwa wa mpira wa kikapu wa Marekani mwaka wa tisini na nne. Marehemu mumewe, Bwana Marhoon, alikuwa akiwaonya watu mlangoni kabla hawajavua viatu. Watu wazima na ndevu zao, wakuu wa idara serikalini, walikaa wakala halua na kunywa kahawa huku wakichunga ndimi zao kwa sababu ya mechi iliyochezwa Hustoni kabla nusu ya watoto wao hawajazaliwa. Wengine walikuwa wakicheka njiani wakirudi kwao. Lakini ndani ya nyumba ile hakuna aliyethubutu.

Na wote hao, pamoja na Bwana Marhoon, Mungu amrehemu, walikuwa wakilinda kitu ambacho hakikuwapo. Bi Kheiria alimjua mshindi zamani. Alimjua tangu siku ya hitma ya mwanawe, pale binti mmoja wa jirani alipomfuata jikoni akamnong'oneza, uso umejaa furaha ya mtoto anayedhani analeta dawa: "Bibi, Hustoni wameshinda!" Bi Kheiria alimpa sambusa, akamwambia asimwambie mtu. Tangu hapo aliwaacha watu waendelee kumficha, maana waliifanya kazi ile kwa mapenzi na hakuona sababu ya kuwaharibia.

Alichokuwa akikingoja yeye ni kitu kingine kabisa. Hakukisema kwa mtu. Alidhani kila mwenye akili anakijua.

Anas alikuwa mwanawe wa kwanza. Alipelekwa Hustoni kusomea uhandisi wa mafuta, na mwaka ule timu ya mji huo ikafika fainali kukutana na New York. Fainali yao si mechi moja watu wakaenda kulala. Zinachezwa hadi saba, na atakayetangulia kushinda nne ndiye bingwa. Anas akazirekodi zote kwenye kanda za video. Angeweza kuzifunga pamoja akazituma, lakini yeye alikuwa mtoto mwenye mambo yake. Mama yake alikuwa hajui Kiingereza zaidi ya kuamkia, basi Anas akachomeka kipaza sauti kwenye mashine, akakaa na mechi moja baada ya moja, akamtangazia mama yake kwa Kiswahili juu ya sauti za Wazungu. Alitangaza kama vile hajui mwisho. Akishamaliza moja anaitafutia msafiri wa Maskati, halafu anaanza nyingine, ili mama apate utamu kidogo kidogo kipindi chote cha joto.

"Masalkheri, mama," ndivyo kila kanda ilivyoanza. "Kaa vizuri, weka miguu juu. Wanaanza."

Na Bi Kheiria, ambaye kabla ya hapo aliona mpira wa kikapu ni kazi ya watu warefu wasio na shughuli, alikaa vizuri akaweka miguu juu. Kufika kanda ya tatu alikuwa akigombana na marefa. Anas alimwambia kuwa yule mrefu kuliko wote wa Hustoni, Hakim, ni Mwafrika na ni Muislamu, basi akawa anamwombea dua kila akisimama kurusha mpira. Katikati ya mechi ya pili mtangazaji aliacha kazi akaenda kugeuza kuku jikoni, mama akabaki na makelele ya Kiingereza na mlio wa sufuria. Katika mechi ya tano Wamarekani wenyewe walipasua picha mapande mawili. "Mama, leo sijui nikutangazie nini," Anas alisema. "Huku mpira, huku gari jeupe la mtu anayesakwa linafuatwa na polisi taratibu kama harusi." Mechi ya sita ilipokuwa inakwisha, New York wakiwa na mpira wa mwisho ambao ungeingia wangekuwa mabingwa, Hakim aliugusa kwa ncha za vidole na Anas akapiga ukelele uliofanya sauti ikwaruze: "Kaupangusa! Mama, kaupangusa!" Tatu kwa tatu. Imebaki moja.

Lakini katikati ya mipira hiyo yote kulikuwa na habari nyingine iliyokwenda kanda hadi kanda, nayo ilikuwa ya achari. Bi Kheiria alikuwa amemtengenezea mwanawe achari ya embe, ya chumvi na pilipili nyingi, iliyokaa juani darini mpaka ikaiva vizuri. Akampa kijana mmoja aliyekuwa anakwenda kusoma New York, akifika aitie posta iende Hustoni. Basi Anas kila akipata nafasi anaulizia. Kanda ya nne alisema haijafika. Ya tano haijafika. Ya sita alisema: "Mama, nnakwenda kutazama sanduku la posta kila siku mpaka tarishi ananionea huruma. Nnahisi hawa New York wameila, ndiyo maana wanacheza hivi."

Kabla ya ya saba kufika, simu ilipigwa. Anas alikuwa amefariki kwenye ajali ya gari, barabara kuu, mchana kweupe. Mwanafunzi aliyebeba kanda ya saba alikuwa angani wakati ule, hana habari. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, bahasha mkononi, akitabasamu, akakuta viti vya msiba vimepangwa nje ya nyumba.

Bi Kheiria aliipokea ile bahasha akaitia kabatini, pamoja na udi wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuiweka kwenye mashine. Bwana Marhoon alielewa, au alidhani ameelewa, kuwa mkewe hataki kuujua mwisho wa ile fainali bila ya mwanawe. Hapo ndipo ilipoanza ile sheria ya mlangoni. Wijdan, dada yake Anas, alikuwa msichana wa sekondari wakati ule, naye akaifuata sheria ya baba yake bila kuuliza.

Ukweli ulikuwa mwepesi zaidi na uliuma zaidi. Mtu akishasema neno lake la mwisho hana jingine. Maadamu kanda ile haijachezwa, Anas bado ana la kumwambia mama yake. Walimzika, wakamsomea, nguo zake zikagaiwa, na yeye bado alikuwa na mazungumzo mazima kabatini. Ni mama gani angeyamaliza?

Basi zile sita akazitazama mpaka zikachakaa. Alizitazama na mumewe, na mumewe alipokufa alizitazama na Belinda, dada wa Bukoba aliyekuja kufanya kazi ndani na akakaa miaka mingi hata akawa mtu wa nyumbani. Belinda alikuwa anakwenda kanisani Ijumaa, kama Wakristo wengi wa hapa, na akirudi wanaweka kanda. Alishazijua. Ikifika pahala pa kuku, yeye na Bibi walikuwa wakisema pamoja na Anas: "Ngoja mama, kuku anaungua!" Walicheka kila mara.

Jambo lililomzindua Bi Kheiria lilitokea mwaka huu, alasiri moja, katika kanda ya nne. Alikuwa anacheka, anajibu, anamtukana refa. Belinda alirudi kutoka kuanua nguo akasimama mlangoni.

"Bibi," alisema, "unacheka nini? Mbona sauti imezimwa?"

Sauti ilikuwa imezimwa kweli. Belinda alikuwa ameifunga alipopigiwa simu na dada yake, akasahau. Bi Kheiria alikuwa amekaa pale nusu mechi nzima akimsikia mwanawe, neno kwa neno, na televisheni ilikuwa bubu.

Hakulala vizuri baada ya hapo. Daktari alikuwa ameshamwambia kuwa sikio la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na habari ile alikuwa amempa Belinda peke yake. Sasa aliielewa. Zile sita hazikuwa na shida, alikuwa nazo kichwani hata dunia ikinyamaza. Lakini ya saba hakuwa nayo popote. Masikio yakifunga kabla hajaisikia, mtoto atasema, mama hatasikia.

Wijdan alipokuja kumtazama alimwambia tu: "Nnataka ile ya saba. Wakati wake umefika."

Wijdan aliyekuwa hakai kitako, mkurugenzi wizarani, simu mbili mkononi, siku ile alikaa. Machozi yakamlengalenga. Kanda ile alikuwa anaichukia tangu usichana wake, maana alimpoteza kaka yake siku moja, halafu mama yake naye akampotelea kidogo kidogo mbele ya ile televisheni. Kusikia mama anataka kuimaliza ilikuwa kama kusikia mgonjwa anaomba chakula.

"Nipe, mama," alisema. "Nitakufanyia kitu kizuri."

Hakukubali iwekwe kwenye mashine ya nyumbani, kwani mwaka jana iliitafuna kanda ya pili ikabidi Belinda aitoe kwa kibanio cha nyusi. Aliipeleka Sib, kwa fundi mmoja Mmalabari, Mhindi wa kusini, anayehamisha video za harusi za zamani. Akanunua na televisheni mpya, pana kama mlango uliolazwa. Wiki ile nzima Bi Kheiria alikuwa na furaha inayotia aibu kwa umri wake. Alimtuma Belinda kwa siri kununua betri mpya za kile kifaa cha sikio ambacho Wijdan hakujua kama kipo.

Ijumaa baada ya Alasiri wakakaa. Bi Kheiria alikuwa amekoga, amefukiza udi, amevaa nguo ya Idi. Kifaa kilikuwa kimejificha chini ya mtandio. Aliegemeza mgongo akaweka miguu juu ya kiti kidogo, kwa sababu alijua ataambiwa aiweke, akatanguliza utiifu. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama bibi harusi.

Picha ikaja. Ilikuwa safi ajabu. Hustoni wamevaa nyeupe, New York bluu, mbao za uwanja zinang'aa. Mzungu mmoja akazungumza, akafuata wa pili. Bi Kheiria akangoja. Mpira ukarushwa juu. Akangoja tena.

"Pandisha sauti, Belinda."

Belinda akapandisha. Uwanja ukanguruma sebule nzima.

"Pandisha, mwanangu."

"Ndiyo mwisho, Bibi."

"Mama, unaona picha ilivyo?" Wijdan alisema kwa furaha. "Hata jasho unaliona!"

Bi Kheiria hakuangalia jasho. Alimtazama binti yake.

"Anas yuko wapi?"

Wijdan alibadilika uso. Alidhani hatimaye akili za mama zimeyumba. Akasogea, akamshika mkono, akaanza kwa sauti ile watu wanayowasemeshea wagonjwa: "Mama, Anas..."

"Nnajua kafa, Wijdan. Nilimzaa miye, nnajua kafa. Nnakuuliza sauti yake iko wapi."

Wazungu tu ndio waliokuwa wakipiga makelele. Belinda alijifunika mdomo, maana yeye alikuwa ameshaelewa. Wijdan alielewa baada yake. Alisimama, akatoka uani na simu, na Belinda akamwona kupitia dirisha anazungumza, kisha anasikiliza, kisha ameinama, mkono mmoja umeshika ukuta.

Aliporudi alipiga magoti mbele ya kile kiti kidogo.

Fundi hakuwa amefanya ubaya. Kanda ilikuwa imeota ukungu, picha inaruka, na juu ya mchezo kulikuwa na mtu anasema sema anawafunika watangazaji. Fundi akaona haya kumpa mteja kitu kama kile. Akatafuta mtandaoni, akaipata mechi ile ile, nzima, safi, akaitia kwenye flashi. Alidhani anafanya hisani. Na kanda yenyewe alimwuliza Wijdan tangu mwanzo kama ataitaka, kwa sababu ya ukungu, na Wijdan akamwambia aitupe. Alisema hivyo kwa moyo mkunjufu kabisa. Aliona tayari ile kanda imetoka nyumbani kwao na haitarudi tena. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

"Mama, nilidhani unangoja kujua nani kashinda," Wijdan alisema. "Baba alisema hivyo. Sote tulijua hivyo."

"Nani kashinda?"

"Hustoni."

"Nnajua. Nnajua tangu hitma."

Wijdan alilia kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya msiba. "Kwa nini hukuniambia, mama? Neno moja tu. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," Bi Kheiria alisema, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Si na weye ulikuwapo? Si ulimsikia akinitangazia?"

Usiku ule hakuna aliyekula. Bi Kheiria hakugomba. Afadhali angegomba. Alivua nguo ya Idi akaikunja, akairudisha kabatini, mahali pale pale ilipokuwa bahasha. Asubuhi alimwamsha Wijdan, ambaye alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda chake, akamwambia ampeleke Sib.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, duka lake dogo limejaa redio zilizofumuliwa. Alipomwona Wijdan akajua, na alipomwona bibi nyuma yake akatoka mezani kabisa. Akaleta kiti. Akaagiza chai. Akaanza kuomba msamaha kwa Kiarabu cha madukani, akasema atarudisha pesa, ataenda mwenyewe jalalani. Bi Kheiria alimnyooshea kiganja anyamaze.

"Wewe uliisikia?" alimwuliza.

"Kidogo, mama. Niliijaribu mwanzo na mwisho, nione kama kanda inakwenda."

"Basi niambie kasema nini."

Yule fundi alimtazama Wijdan kama anayeomba msaada. "Mama, sikujua lugha yake."

"Najua hujui. Niambie hivyo hivyo."

Hapo ndipo Wijdan alipogeuka akatazama nje, kwa sababu hakuweza kuutazama uso wa mama yake. Kwenye dunia nzima, mtu wa pekee aliyekuwa na maneno ya mwisho ya Anas masikioni mwake alikuwa huyu hapa, na hakuelewa hata moja.

Fundi alifumba macho. Alikuwa mtu mwema na alijitahidi. Alisema kijana alikuwa mchangamfu, anasema haraka haraka, anacheka. Mwanzo alisema kwa upole, kama salamu. Mwisho, mchezo ulipomalizika, watu walijaa uwanjani na yule kijana akapiga kelele sana. Kisha picha ikakatika, skrini ikawa nyeusi.

"Ndiyo ikawa mwisho," Wijdan alisema.

"Hapana, madam. Picha ilikwisha, yeye aliendelea. Muda mrefu. Skrini nyeusi, na yeye anasema. Polepole sasa. Kama mtu anayezungumza na mtu aliye chumba kimoja naye."

Bi Kheiria alikuwa ameuweka mkono kifuani. "Muda mrefu?"

"Muda mrefu, mama. Nilidhani kanda ina hitilafu." Akafungua macho. "Neno moja nililijua. Achari. Kwetu na sisi tunasema achaar. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu ana njaa."

Chai ililetwa, ikawekwa, hakuna aliyeigusa. Bi Kheiria alijivuta mpaka ukingoni mwa kiti.

"Alikuwa anaomba," alisema, "au alikuwa anashukuru?"

"Mama?"

"Achari. Alisema imefika au haijafika? Anaitaka au kaila? Sauti yake ilikuwaje?"

"Sijui, mama."

"Jaribu."

Alijaribu. Midomo yake ilitembea. Alilitamka lile neno mara mbili, mara moja akipandisha sauti na mara moja akiishusha, akimtazama bibi usoni kama mwanafunzi anayesubiri kuambiwa lipi ndilo. Halafu akatikisa kichwa na macho yake yakajaa maji. "Alilisema, kisha akacheka. Hilo nakumbuka. Wallahi sikumbuki zaidi."

Bi Kheiria akanyanyuka, akamwambia fundi Mungu amlipe, na alimaanisha. Garini ndipo aliposema: "Angekuwa mwizi ningemlaani nikapumzika. Sasa nimlaani nani? Kila mtu kanitakia kheri."

Wijdan aliendesha. Walipita kando ya bahari, wakapita nyumba za serikali, wakafika kwenye taa za kuingilia Mawaleh.

"Alicheka, mama," Wijdan alisema. "Kama alicheka ina maana ilifika. Mtu hacheki kwa kitu ambacho hakukipata."

Bi Kheiria alimwonea huruma, kwa jinsi alivyolitafuta lile neno njia nzima. Lakini hakuweza kulichukua.

"Anas alikuwa akicheka hata akiwa na njaa," alisema.

Alasiri ile alimwambia Belinda aiweke tena ile flashi, tangu mwanzo, na aifunge sauti. Belinda alimtazama Wijdan. Wijdan akaitika kwa kichwa, akakaa chini ubavuni kwa kile kiti kidogo, kama alivyokuwa akikaa zamani, Alhamisi zile za mapumziko, kaka yake alipokuwa hai na kanda zinafika moja moja.

Picha ikaja bila mlio. Bi Kheiria alikohoa kidogo, akaweka miguu juu.

"Masalkheri, mwanangu," alisema. "Kaa vizuri. Wanaanza."

Akatangaza. Alitangaza vibaya mwanzoni, anachelewa, mpira umeshaingia yeye bado anauliza umekwenda wapi. Halafu akazoea. Akamwambia Anas kuwa Hakim leo kaamka vizuri, kaupata, kageuka, kawaacha wawili wanatafutana, kautumbukiza. Akamgombeza refa. Alipofika katikati, pahala ambapo kama ingekuwa ni Anas angekwenda jikoni, alisema: "Ngoja, kuku anaungua," na Belinda aliyekuwa mlangoni alitaka kucheka, akashindwa, akaingia ndani na nguo usoni.

Kulikuwa na kijana mmoja wa bluu aliyekuwa anarusha mpira na unakataa. Anarusha, unakataa. Wenzake wanampa tena, na yeye anarusha tena kutoka mbali, na kila ukikataa anarudi mbio kwao kichwa kimeinama. Bi Kheiria alikuwa amemwombea mabaya kwenye kanda zote sita. Siku ile alimwonea imani. "Mtazame masikini," alimwambia Anas. "Hajui kama leo hauingii. Mama yake yuko mahali anamwangalia, hana la kumfanyia."

Saa ikaisha. Hustoni tisini, New York themanini na nne. Watu wakamiminika uwanjani, wakabebana, karatasi za rangi zikaanguka. Bi Kheiria hakupiga kelele. Alisema tu, "Wameshinda, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayemaliza kazi aliyoagizwa. Kisha picha ikakatika na ile televisheni pana ikawa nyeusi, wao watatu wakaonekana ndani yake, mmoja kitini, mmoja chini, na Belinda aliyekuwa amerudi mlangoni.

Belinda alisogea kuchukua rimoti.

"Wacha," Bi Kheiria alisema. "Hajamaliza."

Alishusha miguu, akainuka kwa kumshika Wijdan bega, akaenda hatua chache mpaka mbele ya kile kioo cheusi. Akaondoa mtandio sikioni, na Wijdan akakiona kile kifaa kwa mara ya kwanza, akaelewa na hilo pia.

"Anas," mama yake alisema. "Ile achari ilifika?"

Akageuza kichwa, akaliweka sikio la kulia, lile lililobaki, karibu kabisa na skrini, na akangoja.